Uzi: Katika tenzi zetu mzazi husema na mtoto husikiliza. Mtoto aliyekwisha kukua anajibu wapi?

#1 Mama_Nyawera (Bukavu)

Salamu kwenu nyote. Nina swali lililonikaa kichwani tangu mwezi uliopita, nami naomba wapenzi wa ushairi wanisaidie kulifikiri, kwa sababu hapa mtaani kila ninayemwuliza ananijibu kuhusu mwanangu na kuuacha ushairi kando.

Mwanangu wa pili ana miaka 24. Amepata kazi Goma, na ameondoka kwa boti ya asubuhi. Tangu utotoni alikuwa akiniuliza, "Mama, niende?" Niende kucheza, niende kwa shangazi, niende kwenye mazoezi ya kwaya. Safari hii alisimama kwenye mlango wa jikoni, nami nikichambua sombe, yale majani ya muhogo, akasema, "Mama, Jumatatu naenda." Kitenzi ni kilekile, ila ile e ya mwisho imegeuka a. Nilibaki na kikonyo cha sombe mkononi, nikitafuta swali ambalo nilipaswa kulijibu, nisilione. Asubuhi ya safari alikunywa chai, akaweka funguo zake juu ya kitambaa cha meza kando ya termosi, kisha akaubana mlango polepole kama mtu anayechelea kuwaamsha wenyeji, ingawa alijua kwamba niko macho.

Usiku huo nilitunga beti mbili:

*Mwanangu umeondoka,*
*funguo umeziweka,*
*mlango umefungika,*
*nami ndani nasikia.*

*Hukuniuliza: niende?*
*Umeshika lako konde,*
*Mungu wangu akulinde,*
*nami nimekuridhia.*

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kila nikitafuta utenzi wa mzazi kwa mtoto nakuta kwamba mzazi ndiye anayesema tangu mwanzo hadi mwisho. Dai langu ni kwamba tenzi hizi zimejengwa kwa namna ambayo mtoto hawezi kukua ndani yake: anaitwa, anakalishwa, anausiwa, na beti zinakwisha kabla hajafungua kinywa. Je, ninakosea? Mtoto aliyekua anajibu wapi katika ushairi wetu?

#2 Fundi_Mizani (Lubumbashi, Katuba)

Pole, Mama, na hongera pia, kwa kuwa kijana aliyepata kazi si jambo dogo siku hizi.

Ubeti wa kwanza umekaa sawasawa: mizani nane, yaani silabi nane, kila mshororo, kina cha -ka mara tatu, na mshororo wa nne unashika kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Ubeti wa pili una kasoro katika mshororo wa kwanza. Hesabu pamoja nami: hu-ku-ni-u-li-za-ni-e-nde. Hizo ni tisa. Andika "Hukuuliza: niende?" nawe utapata nane bila kupoteza maana.

Kuhusu swali lako, nadhani unatafuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, huko mlimani. Utenzi ni umbo la kusimulia na kuusia. Kina cha mwisho hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na hicho ndicho kinachoushikilia kama kamba moja iliyo mikononi mwa mtu mmoja. Anayetaka majibu huenda kwenye shairi la mizani kumi na sita, kwenye malumbano. Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu, na desturi ya kulumbana ni kwamba anayejibu hufuata vina vya aliyeanza. Basi majibu yapo katika ushairi wetu, ila yako katika chumba kingine cha nyumba hiyohiyo.

#3 Kijana_wa_Himbi (Goma)

Karibu sana kwa mwanao huku kwetu, Mama. Tutamwangalia.

Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi. Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani, alikuwa mgonjwa alipomtungia mwanawe wa kiume ule utenzi, na mtu anayejua kwamba siku zake zimehesabika hana nafasi ya kungoja majibu. Mzazi wa namna hiyo anapakia mzigo wote kwenye chombo kimoja kwa sababu hajui kama kutakuwa na safari ya pili. Tenzi hizi ni wasia, na wasia haujibiwi. Wewe u mzima, Mama, na mwanao yuko ng'ambo ya ziwa tu. Nadhani umejipimia nguo ya mtu anayeaga dunia.

#4 Mama_Nyawera

Ahsanteni wote wawili. Namjibu Fundi kwanza, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi na imenitia uchungu. Mizani uliyoitaka niiondoe ni ile -ni-, Fundi. Hu-ku-*ni*-uliza. Ni mimi niliyetolewa ili mshororo ukae sawa. Nimeusoma mara nyingi kwa namna yako, nao unateleza vizuri mdomoni, lakini ndani yake mwanangu hakuuliza tu, hakumwuliza mtu yeyote, na katika wangu hakuniuliza mimi. Sijaamua.

#5 Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Namsahihisha ndugu yetu wa namba 3 kwa upole. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, karibu mwaka 1858, naye akafariki miaka michache tu baadaye. Kuhusu ugonjwa una haki. Kuhusu jinsia umekosea, na kosa hilo si dogo katika mjadala huu, kwa sababu wasia ule unamwandaa binti kwa maisha ya ndoa, yaani unamhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Mwana wa kiume asingeusiwa vile.

Tena tazameni neno la kwanza la utenzi wenyewe: "Negema, wangu binti." Negema, kwa lahaja ya huko, ni kumwambia mtu asogee karibu. Shaaban Robert naye, katika utenzi wa *Hati* aliomwandikia binti yake, anaanza kwa kumkalisha mtoto kwenye kiti ili aandike. Wazazi hawa wawili, waliotengana kwa karibu miaka mia moja, wanaanza kwa tendo lilelile la kumweka mtoto mahali. Mama_Nyawera ameanza kinyume, "Mwanangu umeondoka." Hana mtu wa kumkalisha. Mimi nadhani ugumu anaousikia unatoka hapo: ametumia umbo lililozoea msikilizaji aliye karibu ili kuzungumza na mtu ambaye tayari yuko kwenye boti.

#6 Mzee_wa_Bagira (Bukavu)

Wanangu, mnazungumza vizuri, lakini mmelipita neno moja bila kulitazama. Ni neno konde.

Mama anasema, "umeshika lako konde." Nataka kumwuliza: nani aliyelikata? Mimi nilizaliwa Kabare. Nilipotaka kuoa, baba alinipeleka asubuhi kwenye shamba lake la migomba, umande ukiwa bado kwenye majani, akatembea mbele yangu na panga mkononi. Alifika kwenye jiwe moja, akaligonga kwa ubapa wa panga. Akatembea tena hadi kwenye mfereji, akagonga ardhi. Akasema, "Kuanzia pale mpaka hapa ni kwako." Hakusema jambo jingine lolote, na siku ile ndiyo niliyokuwa mtu mzima. Sikujitwalia. Nilikatiwa.

Sasa kijana wa leo anapewa mshahara na watu ambao baba yake hawajui. Mzazi hana jiwe la kugonga. Zamani mzazi alisema peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitoa, na anayepokea hunyamaza, hupiga makofi mawili ya shukrani. Leo tunataka kuendelea kusema peke yetu hali mikono yetu ni mitupu. Hilo ndilo linalotuuma, nasi tunakwenda kulitafuta kwenye hesabu ya mizani. Fundi asinikasirikie.

#7 Fundi_Mizani

Sikukasirikii, Mzee. Mwenye migomba hawezi kukasirikiwa na mtu wa Katuba anayenunua ndizi sokoni.

Lakini nakupinga kidogo. Hapa Lubumbashi hatukuwa na konde. Babu zetu waliishi kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi, katika nyumba ya kampuni, kwa posho ya unga na samaki iliyotolewa kwa kadiri ya idadi ya watoto. Baba hakuwa na ardhi ya kumkatia mwana, na bado alisema peke yake mezani, na sisi tulinyamaza. Kwa hiyo ukimya wa mtoto haukutokana na shamba.

#8 Binti_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Nimesoma kimya tangu mwanzo, na sasa naomba kusema, kwa sababu nyote mnamzungumzia mtoto aliyeondoka.

Mimi nina miaka 31 na sijaondoka. Ninaishi kwa baba yangu. Tangu alipokosa kazi, mimi ndiye ninayenunua unga wa bukari, ninayelipa umeme na ada ya shule ya wadogo zangu wawili. Na kila asubuhi ninapochukua mkoba, baba hunyanyua macho kutoka kwenye redio yake na kuniambia, "Saa mbili usiku uwe umerudi." Nami humjibu, "Ndiyo, Papa." Saa mbili kasorobo naanza kuitafuta teksi. Wenzangu kazini wananishangaa, na mmoja aliniambia kwamba mimi ni mtumwa ndani ya nyumba ninayoilisha.

Mwalimu_Kadutu amesema kwamba mtoto wa utenzi amekalishwa. Mimi nimekaa kwa hiari yangu. Najua kwamba nikisema, "Papa, leo nitarudi saa nne," hakuna atakachoweza kunifanya, naye anajua. Ndiyo maana sisemi. Ile saa mbili ni kitu cha mwisho alichobaki nacho katika nyumba ile ambacho mimi sikukinunua. Nikimjibu, yeye atabaki na nini?

Basi naomba msiuhesabu ukimya wa Mwana Hashima kuwa udhaifu. Huenda alikuwa na la kusema na akamwachia mama yake zile beti.

#9 Mama_Nyawera

Binti yangu, nimesoma maneno yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Ahsante.

#10 Wakili_wa_Ibanda (Bukavu)

Nami naleta jambo la kazi yangu, kwa kuwa linagusa hapahapa. Kanuni yetu ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inahesabu utu uzima kuanzia miaka 18. Kuhusu mzazi na mtoto inatenga mambo mawili ambayo sisi majumbani huyachanganya. Inasema kwamba mtoto, katika umri wowote, anapaswa kuwaheshimu baba na mama yake. Kisha inasema kwamba yuko chini ya mamlaka yao mpaka afikie utu uzima au aachiliwe kabla ya hapo. Heshima haikuwekewa mwisho, mamlaka yamewekewa.

Mama_Nyawera, kijana wako hakuvunja heshima. Amekwenda mahali ambapo mamlaka yako yalikwisha miaka sita iliyopita, ila ninyi wawili mlikuwa bado hamjafika kwenye mpaka huo kwa miguu.

#11 Mzee_wa_Bagira

Wakili, sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na kilio cha mama ni cha Kiswahili. Ninaiheshimu kazi yako, lakini kuna neno la tatu ambalo kanuni hiyo haina, nalo ni radhi. Mwana Kupona anamwambia binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano ili apate utulivu duniani na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mimi ni Mkatoliki, lakini hilo nalielewa mpaka kwenye mifupa. Radhi si amri, wala si heshima. Mtoto wa miaka 50 anaihitaji.

Na hapo ndipo ninapouona mshororo wa mwisho wa Mama, "nami nimekuridhia." Radhi huombwa. Mtoto hupiga goti, huomba, mzazi hutoa. Mama ametoa kabla ya kuombwa. Je, radhi ya namna hiyo inashika?

#12 Mwalimu_Kadutu

Inashika, Mzee. Mvua haiombwi na kila jani. Tena ningesema kwamba radhi isiyoombwa ndiyo iliyo kamili zaidi, kwa sababu haina biashara ndani yake.

#13 Mzee_wa_Bagira

Hayo ni maneno ya mwalimu ambaye watoto wake bado ni wadogo. Tutazungumza tena baada ya miaka kumi.

#14 Kijana_wa_Himbi

Ahsante kwa sahihisho la namba 5, nimelipokea. Naomba nisimulie jambo moja, kwa kuwa swali la Mama kuhusu "niende" na "naenda" limenirudisha mbali.

Mwaka 2002, Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa Januari na lava ikapita katikati ya mji, nilikuwa na miaka mitatu. Nasimuliwa kwamba baba alinibeba mgongoni na kumshika dada yangu mkono, na kwamba hakumwuliza mtu yeyote njia. Mwaka 2021 tulikuwa tukiishi Majengo. Mlipuko ulitokea usiku wa tarehe 22 Mei, na tarehe 27 serikali ikatangaza kwamba mitaa kadhaa, ukiwamo wetu, ihamwe. Ardhi ilikuwa bado inatikisika mara kwa mara. Baba alisimama uani, godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba likiwa miguuni pake, akanitazama na kusema, "Twende wapi?"

Mtu huyu hakuwa amewahi kuniuliza hata saa ngapi. Nilikuwa na miaka 22, nilikuwa nimegombana naye mwaka mzima kwa sababu nilitaka nyumba yangu, na sasa alikuwa akinipa kila nilichokitaka katika maneno mawili. Nilisema, "Twende Sake." Nilitamani anipinge. Nilingoja anipinge. Aliinama, akalichukua godoro.

Kwa hiyo si kila mara mtoto ndiye anayekata kamba. Kwangu mimi alikuwa baba aliyegeuza kitenzi, wala sikuwa tayari.

#15 Fundi_Mizani

Ndugu, hilo ni shairi zima na halihitaji mizani.

#16 Msomaji_wa_Panzi (Bukavu)

Kuna mshairi wa Lebanoni, Kahlil Gibran, ambaye katika kitabu alichokichapisha mwaka 1923 anawafananisha wazazi na pinde na watoto na mishale. Upinde unapinda, mshale unakwenda. Nimekuwa nikiupenda mfano huo tangu nilipokuwa mwanafunzi, nami nashangaa kwamba hakuna aliyeutaja. Huenda jibu la Mama liko huko, kwamba kazi ya mzazi ni kupinda bila kuvunjika.

#17 Mama_Nyawera

Naujua mfano huo, nao ni mzuri, ila mimi hauniingii. Mshale haurudi kula Krismasi. Mwanangu ameondoka kwa boti, na boti zetu hizi huenda Goma na kurudi Bukavu. Nikisimama hapa juu naziona zikitoka na naziona zikiingia. Ningetaka mfano wenye kurudi ndani yake.

#18 Msomaji_wa_Panzi

Umenishinda, Mama. Basi tuseme wavuvi wa sambaza, wanaotoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri.

#19 Binti_wa_Kamalondo

Na kwa kuwa mmezitaja sambaza mara mbili katika uzi huu, sisi wa Lubumbashi tunaomba mtuonee huruma. Hapa tunakula samaki wakavu tu.

#20 Mama_Nyawera

Nimerudi na habari. Ijumaa nilimtumia mwanangu zile beti mbili kwa simu. Sikumweleza lolote. Siku mbili hakujibu, na sitaficha kwamba nilizihesabu saa. Jumapili usiku aliniletea ubeti mmoja, bila salamu juu wala chini yake:

*Funguo nilizoweka,*
*si kwamba nimekuchoka;*
*siku nitakayofika*
*nibishe hodi nyumbani.*

Sijui nifurahi au nilie. Nimeusoma kwa wadogo zake, na mmoja akasema kwamba kaka yake amekuwa mgeni. Naomba ninyi mniambie mnachokiona, kabla sijamjibu vibaya.

#21 Fundi_Mizani

Kwanza nampongeza: mizani nane kote, wala hakuteleza. Ameshika kina chako cha -ka katika mishororo mitatu, na amerudisha hata neno lako la funguo, kama inavyompasa anayejibu.

Lakini mshororo wa nne ameubadilisha kina. Wewe ulimaliza kwa -ia, yeye amemaliza kwa -ni. Haikuwa vigumu kwake kuandika "nibishe ukanijia" na kubaki ndani ya bahari. Kwa sheria, hajaendeleza utenzi wako, ameanza wake. Mimi kama fundi nasema ni kosa.

#22 Mwalimu_Kadutu

Nami nasema si kosa, Fundi, na wewe mwenyewe ulitupa sababu katika namba 2. Ulisema kwamba kina cha mwisho ni kamba iliyo mikononi mwa mtu mmoja. Kijana amekubali vina vya ndani na kuiachia kamba. Angefuata kina chote angekuwa mwangwi wa mama yake, na angekivunja chote angekuwa mtu baki.

Na tazameni kitenzi. Mama alianza uzi huu kwa kulilia ile e ya "niende". Sasa tazameni "nibishe". E imerudi. Hakuomba ruhusa ya kutoka, lakini ameomba ya kuingia.

#23 Mzee_wa_Bagira

Hapo ndipo ninapoumia kuliko mahali pengine pote. Mtoto wa nyumba habishi hodi. Anaingia, anafunua sufuria, anauliza kilichopikwa. Hodi ni ya jirani, ya mgeni, ya mtoza kodi. Mwalimu anaifurahia e ya kijana, mimi ningemrudishia -e yake, naye mama amrudishie funguo. Mama, mwambie azichukue.

#24 Wakili_wa_Ibanda

Kwa heshima, Mzee, ninaona tofauti. Mimi pia niliziacha funguo kwa wazazi wangu, na sababu yangu haikuwa kujifanya mgeni. Kuna siku niliingia kwa ufunguo wangu saa za mchana, nikawakuta baba na mama wamekaa sebuleni wakicheka, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona sisi watoto tukiwapo. Walinyamaza waliponiona. Nilitambua kwamba nyumba ile ilikuwa imekuwa yao tena, na kwamba mimi ndiye niliyewakatiza. Tangu siku hiyo napiga hodi. Huenda kijana huyu naye ameona kwamba mama yake ana maisha yake, na si mlinzi wa mlango unaomngoja.

#25 Binti_wa_Kamalondo

Nina jambo dogo. Ile -ni- ambayo Fundi aliitoa katika mshororo wa Mama ndiyo kina cha kijana. Nyumba-*ni*. Mama alitolewa kwenye mshororo, na mwanawe amemrudisha mwishoni, mahali pa heshima.

#26 Fundi_Mizani

Ninasikitika kukuharibia, lakini ile ya Mama ni kiambishi cha nafsi, na hii ya kijana ni ya mahali. Zinafanana kwa sauti tu.

#27 Mama_Nyawera

Fundi, mahali penyewe ni mimi.

Ninawashukuru wote. Wakili amenifikirisha, na Mzee amenena lililo moyoni mwangu, nami siwezi kumkataa mmoja kwa ajili ya mwingine. Funguo nimezitoa mezani na kuzitia katika kopo la sukari la zamani, juu ya kabati, mahali ambapo yeye anapajua tangu utoto wake kwa sababu alikuwa akipanda kiti kuiba sukari. Sitamwambia azichukue, na sitamwambia kwamba nimezihamisha. Akija atabisha hodi, nitamkaribisha, na tutaona kama mikono yake itakwenda juu ya kabati.

Na mshororo wangu nimeamua kuuacha na mizani tisa.

#28 Fundi_Mizani

Nimesikia, Mama. Nimeuandika kwenye daftari langu kwa mizani tisa, wala sikuutilia alama nyekundu.

#29 Kijana_wa_Himbi

Ningependa kumwuliza Mzee: siku ile kwenye migomba, baada ya baba yako kugonga ardhi, wewe ulisema nini? Umetusimulia maneno yake tu.

#30 Mzee_wa_Bagira

Nilisema, "Ahsante, Baba." Kisha nikamwuliza kama naweza kulima siku hiyohiyo. Akasema ningoje mpaka umande ukauke. Nikangoja.

#31 Binti_wa_Kamalondo

Mmenitia hamu. Leo kwenye teksi nimeanza kumtungia baba ubeti, wa kwanza katika maisha yangu:

*Saa mbili imefika,*
*Baba bado hajachoka,*

Hapo nimekwama. Mshororo wa tatu unataka -ka, na kila neno linalonijia ni "ondoka". Silitaki hilo.

#32 Mama_Nyawera

Binti yangu, jaribu "pumzika". Lina mizani nne, pu-m-zi-ka, kwa hiyo unahitaji nyingine nne mbele yake. Muda unao, saa mbili bado.